Detekta haijui sarafu: jinsi ya kusikiliza mlio kabla hujachimba

Swali ambalo kila anayeanza kutafuta sarafu na detekta, ile mashine ya kugundua metali ardhini, anauliza ni hili hili, "mlio wa sarafu ukoje?", na kila anayejibu anajibu la kwake. Mmoja anasema sarafu inalia nyembamba, mwingine anasema hapana bwana mi nilichimba mlio mwembamba nikatoa kopo la bia, wa tatu anasema achana na sauti angalia namba kwenye skrini, na aliyeuliza anabaki palepale. Mi naona tatizo liko kwenye swali lenyewe. Detekta haijui sarafu, haijui duara, haijui fedha wala shaba, kitu pekee inachokijua ni umeme unakawia kiasi gani ndani ya kitu kilichopo chini ya koili (ile sahani ya detekta unayofagia nayo ardhi), na huko kukawia ndo inakugeuza kuwa sauti. Ukishalielewa hilo mafumbo mengi ya milio yanafunguka yenyewe, na yanayobaki ni kazi ya sikio.

Tuanze na kinachotokea kule chini.

Ndani ya ile sahani ya detekta kuna waya uliozungushwa mara nyingi, unapitishiwa umeme unaogeuka geuka maelfu ya mara kwa sekunde, detekta nyingi za sarafu zinacheza kati ya kilohezi 5 na 20 hivi. Umeme ukigeuka na usumaku unaotoka kwenye koili nao unageuka, unaingia ardhini, ukikutana na metali unaamsha ndani yake umeme mdogo unaozunguka, kama maji yanavyojizungusha nyuma ya jiwe mtoni. Huo umeme mdogo nao unatengeneza usumaku wake, unarudi juu, unadakwa na koili ya pili ambayo kazi yake ni kupokea tu, na hizo koili mbili zimepangwa kiasi kwamba ile ya kutuma haiisumbui ya kupokea. Pakiwa patupu mpokeaji hasikii kitu, pakiwa na metali anasikia.

Sasa jibu linalorudi lina habari mbili ndani yake na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ukubwa wa jibu, yaani nguvu yake. Ya pili ni kuchelewa kwake. Metali inayopitisha umeme vizuri, ule umeme ukishaanza kuzunguka humo haukomi haraka, kwahiyo jibu lake linafika limechelewa zaidi. Metali inayopitisha umeme vibaya, umeme unakufa pale pale. Kompyuta ya detekta inapima huko kuchelewa, inakupa namba, nyingi zinaanzia 0 hadi 99, na inakupa mlio: kuchelewa kidogo mlio mnene, kuchelewa sana mlio mwembamba. Chuma kiko peke yake kwa sababu chenyewe kinavutwa na sumaku, kinaukusanya ule usumaku wa koili na jibu lake linakuja kwa upande mwingine kabisa, ndo maana detekta inaweza kukitenga na kukipa ule mngurumo wa chini au ikakinyamazisha ukipenda.

Kwa maneno mengine unene na wembamba wa mlio ni habari ya kuchelewa, ukubwa na udogo wa sauti ni habari ya nguvu. Hayo mawili yashike vizuri maana huko mbele tutayahitaji yote.

Nani yuko juu nani yuko chini

Ukiipa fedha safi alama 100 kwa kupitisha umeme, shaba nyekundu inapata kama 95, dhahabu safi kama 70, alumini 60, zinki 27, nikeli 23, risasi haifiki 10. Ukiangalia hapo utasema basi rahisi, nyembamba kabisa ni fedha, ikifuatiwa na shaba, alafu dhahabu, mchezo umeisha. Haujaisha. Kwanza sarafu karibu zote ni mchanganyiko, na mchanganyiko una tabia ya ajabu, ukichanganya metali mbili zinazopitisha umeme vizuri unaweza kupata kitu kinachopitisha vibaya kuliko zote mbili. Shaba ina 95, nikeli ina 23, ila ukiyeyusha shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25 pamoja unapata kitu chenye alama 5 hivi. Chembe za nikeli zinakaa katikati ya za shaba zinauvurugia umeme njia. Na huo mchanganyiko ndo sarafu ya Marekani ya senti 5, kwa sura ni nyeupe inang'aa kama ndugu wa fedha, kwenye hedifoni inalia chini kule kwenye takataka.

Pili, kuchelewa kwa umeme hakutegemei metali peke yake, kunategemea pia upana na unene wa kitu. Umeme ukipata uwanja mkubwa wa kuzungukia unakaa sana, ukibanwa unakufa. Sarafu kubwa ya fedha inalia nyembamba kuliko sarafu ndogo ya fedha ile ile. Sarafu za kale za fedha zilizogongwa kwa nyundo, zile nyembamba kama ganda la kitunguu, zinashuka hadi katikati, na zikiwa zimekatwa nusu au robo ili zitumike kama chenji, jambo ambalo lilikuwa la kawaida Uingereza ya zamani, zinashuka tena. Mtu aliyeambiwa "fedha inalia nyembamba" anazipita hivi hivi.

Na hapo hapo ndo unaona kwa nini kopo la bia linatudanganya. Alumini ina alama 60 tu, lakini kopo ni kubwa, umeme unazunguka uwanja mzima, jibu linachelewa kama la sarafu nono ya fedha. Kwahiyo yule aliyesema alichimba mlio mwembamba akatoa kopo hakuwa na mashine mbovu, mashine ilimwambia ukweli: hapa kuna kitu ambacho umeme unakawia humo. Ni yeye aliyetafsiri kuwa fedha.

Upande wa kati ndo kuna msiba wa wengi. Pete nyembamba ya dhahabu, kipete cha kufungulia kopo la soda, sarafu ya nikeli, kipande cha foili kilichokunjwa, vyote vinaweza kuangukia sehemu moja ya mlio wa kati. Dhahabu ya pete imechanganywa na metali nyingine kwahiyo ile alama 70 yake imeshaporomoka, na yenyewe ni ndogo. Nakwambia kwa moyo mmoja, hakuna sikio wala skrini itakayokutenganishia pete na kipete cha kopo kwa uhakika kila mara. Unayetafuta dhahabu, chimba milio ya kati, yote. Anayetafuta sarafu za fedha na shaba peke yake anaweza kuiacha, ila ajue anaacha nini.

Sarafu moja, milio miwili

Kitu ninachokipenda sana kwenye hii kazi ni kwamba ukijua historia ya sarafu unaweza kukisia umri wake ikiwa bado chini. Senti 1 ya Marekani, miaka ya kabla ya 1982 ilikuwa shaba asilimia 95. Mwaka 1982 wenyewe wakatengeneza za aina zote mbili, na tangu hapo ni zinki asilimia 97.5 iliyopakwa shaba juu. Kwa macho ni zile zile, kwa sikio ya zamani iko juu na ya zinki iko chini yake kidogo, na zinki ikishaoza ardhini, na huwa inaoza vibaya, inatoboka inaliwa ukingo, mlio nao unashuka zaidi na unakuwa hauna msimamo. Senti 10 na senti 25 za kwao hadi zile za 1964 zilikuwa fedha asilimia 90, kuanzia 1965 zikawa shaba ndani na mchanganyiko wa shaba na nikeli juu. Ile ya fedha inakaa juu kidogo. Senti 5 za wakati wa vita, 1942 hadi 1945, kuna zilizotengenezwa na fedha asilimia 35 pamoja na shaba na manganizi, hizo haziongei kama nikeli za kawaida.

Uingereza vivyo hivyo, sarafu zao za fedha zilikuwa asilimia 92.5 mpaka 1920 zikashushwa hadi asilimia 50, ilipofika 1947 fedha ikaondolewa kabisa zikawa shaba na nikeli. Mlio unashuka ngazi kwa ngazi kufuata historia ya hazina yao.

Sarafu za sasa ndo zimevuruga kila kitu. Peni 1 na peni 2 za Uingereza tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, senti 1, 2 na 5 za yuro pia ni chuma kwa ndani. Sasa hapo detekta inapata jibu la sumaku la chuma, wakati huo huo kipande ni duara bapa na umeme unazunguka vizuri humo, basi namba inaruka, mlio unaanzia chini unapanda juu unarudi, na ukiwa umeinyamazisha milio ya chuma unasikia vipande vipande tu. Kwahiyo ile kanuni ya "sarafu ni mlio safi" ni kanuni ya sarafu za zamani. Kwa bahati nzuri ndizo tunazozitafuta.

Umbo la mlio

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo nataka nikae. Wembamba wa mlio ni habari moja tu, sikio linapata nyingine nyingi: mlio unaanzaje, unaishaje, una urefu gani, unabaki vile vile ukirudi upande wa pili, unabaki vile vile ukigeuka ukasimama mahali pengine. Mi naita umbo la mlio.

Sarafu iliyolala bapa, isiyo na jirani, kwenye udongo mzuri, mlio wake ni mfupi na umekatwa pande zote mbili. Unaanza ghafla unaisha ghafla. Unafagia koili kwenda kulia inalia, kurudi kushoto inalia vile vile, pale pale. Unageuka robo duara unaisikiliza kutoka upande mwingine, vile vile. Hiyo ni kwa sababu duara halina upande, kwa koili sarafu ina sura moja kotekote. Kopo lililokanyagwa lina mlio mpana, unaanza mapema unaisha kwa kuchelewa, na ukiinyanyua koili juu kwa kiganja kimoja au viwili bado linalia tu kwa nguvu, wakati sarafu ukiinyanyua koili kiasi hicho sauti inadhoofika upesi. Kipande cha foili kinakuwa na mlio uliochakaa pembeni. Hauna ukingo.

Msumari ni mjanja zaidi. Ukiufagia kwa kuukata katikati unanguruma, lakini ncha zake zinaweza kutoa kamlio kembamba kafupi, chirp, ukasema hii ni fedha ya mbali. Dawa yake ni ile ile robo duara. Fagia, geuka, fagia tena: msumari utabadilika kuwa mngurumo au utapotea, na mara nyingi utaona ule mlio mwembamba haukai sehemu moja, unasogea kila ukibadilisha upande, ukiweka detekta kwenye modi ya kubana mahali, yaani ya kuonyesha kitu kilipo hasa, inakuonyesha kitu kiko kando, sio pale ulipousikia. Sarafu haihami.

Kizibo cha soda kilichoshika kutu na washa ya chuma (kile kiduara chenye tundu kinachowekwa chini ya nati) ni wabaya kuliko msumari kwa sababu ni duara kama sarafu, ukigeuka hazibadiliki sana. Kwa hizo kuna mbinu ya kurudisha koili nyuma taratibu huku unafagia mikato mifupi mifupi, mpaka kitu kinabaki kwenye ncha ya mbele ya koili tu. Hapo kizibo kinaanza kukohoa, mngurumo wa chuma unachomoza, namba inaporomoka. Sarafu ya shaba inafifia tu hadi inanyamaza bila kubadili lugha. Mbinu hii inafanya vizuri kwenye koili zile za D mbili zilizopishana, yaani ambazo waya wa kutuma na wa kupokea kila mmoja una umbo la herufi D.

Kuna mlio mwingine unawachanganya wengi, ule unaolia mara mbili mfululizo, pi-pii. Mara nyingi ni kitu kiko juu juu kabisa, kinapita chini ya sehemu mbili za koili na kila moja inakidaka, nyanyua koili kidogo utaona milio miwili inaungana kuwa mmoja. Ila inaweza pia kuwa sarafu iliyosimama kwa ukingo. Sarafu ikisimama, usumaku unaoshuka wima kutoka katikati ya koili unapita kandokando ya uso wake bila kuupiga, jibu linakuwa dogo katikati, na pembeni ambapo usumaku unainama ndo unapata jibu. Kwahiyo unasikia kitu, kimya kidogo, kitu. Ukigeuka, sura inabadilika. Mimi nilizipita za aina hii muda mrefu nikidhani ni misumari.

Ngoja nieleze mmoja jinsi ulivyokwenda. Sehemu ilikuwa na chuma nyingi, mngurumo kila hatua, na katikati ya mngurumo nikasikia nusu ya mlio mwembamba, upande wa kwenda tu, kurudi hakuna. Nikapunguza kasi. Nikafupisha mikato hadi upana wa viganja viwili, ukarudi, umekatwa mwanzoni kana kwamba mtu kaufunga mlango. Namba zinaruka, 60 na kitu, 80 na kitu, chuma, 80 na kitu. Nikageuka robo duara, pakawa kimya kabisa, mngurumo peke yake, na hapo siku zote nilikuwa naondoka. Safari hii nikageuka nusu ya robo, upande wa mshazari, ukaja mlio mzima, mfupi, mwembamba, kwenda na kurudi. Nikachimba upana wa vidole vinne kushuka, wa kwanza kutoka ulikuwa msumari uliopinda, na kando yake, kama kidole kimoja, sarafu ya shaba imegeuka kijani, imelala bapa. Msumari ulikuwa unaifunika kutoka pande zote isipokuwa ule wa mshazari.

Chuma kinavyofunika sarafu

Hiyo ya msumari ina maelezo yake. Detekta ikishapiga kelele ya kitu kimoja inahitaji kamuda kadogo kurudi kuwa tayari kusikia kingine, na koili ikipita haraka sarafu inaangukia kwenye hako kamuda. Ndo maana mashine za siku hizi zina mpangilio wa kasi ya kurudi, ukiipandisha inatenganisha vitu vilivyokaribiana, ila kwenye nyingi unapoteza kidogo kwenye kina na mlio unakuwa mfupi zaidi, hauna nyama. Koili ndogo inasaidia zaidi kwa sababu inaona eneo dogo kwa mara moja.

Na shida hii ni ya zamani kuliko detekta za dukani. Mwaka 1881 rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini, Alexander Graham Bell akaleta kifaa alichokitengeneza, koili zilizobalansiwa zimeunganishwa na kipokezi cha simu sikioni, yaani alikuwa anasikiliza, hakuna skrini. Hakuipata. Kitanda alicholalia rais kilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu kupekua upande wa kulia tu wakati risasi ilikuwa imekaa kushoto. Garfield akafariki Septemba mwaka huo. Kila nikiwa kwenye eneo la misumari namkumbuka Bell na zile springi.

Kina, udongo, na mlio unaonong'ona

Turudi kwenye nguvu ya jibu. Usumaku unaotoka kwenye koili unadhoofika haraka ukienda mbali, na jibu la kitu kidogo kama sarafu linadhoofika tena likiwa linarudi, kwahiyo hasara ni mara mbili. Sarafu ikiwa mbali kiasi, ukizidisha umbali mara mbili nguvu inashuka karibu hadi sehemu moja ya 64. Ndo maana sarafu iliyo sentimita 10 inapiga kelele na ile ya sentimita 20 inanong'ona, na ya 30 kwa koili ya kawaida wengi wetu hatuisikii kabisa.

Mnong'ono huo ndo unaotafutwa na wanaotaka sarafu za zamani, sasa angalia kinachotokea, jibu likiwa dogo hivyo linachanganyika na jibu la udongo wenyewe. Udongo mwingi una chembe za chuma, na hasa ule mwekundu na mchanga mweusi, kwahiyo mara nyingi namba ya sarafu ya chini inavutwa kuelekea chuma, na unaweza ukawa na sarafu safi kabisa ya fedha inayoonyesha chuma kwenye skrini huku kwenye sikio kuna kamlio kembamba kanachomoza na kuzama. Ndo maana kubalansi udongo kabla hujaanza sio hiari. Unapandisha na kushusha koili mahali pasipo na kitu mpaka mashine inyamaze kwa udongo wenyewe, na ukihamia eneo lenye rangi tofauti unarudia. Ufukweni kwenye maji ya chumvi ni hadithi nyingine, chumvi yenyewe inapitisha umeme na inajibu kule chini karibu na foili.

Kwa hili skrini haiwezi kushindana na sikio. Skrini inasubiri ipate jibu linaloeleweka ndo iandike namba moja, sikio linapokea kila kitu kinavyokuja, pamoja na vile vinavyosita. Mi naiangalia skrini baada ya kusikia, kama mtu anayeuliza shahidi wa pili. Na hedifoni vaa, hata za bei ndogo, upepo na nyasi peke yake zinatosha kumeza mlio wa sentimita 20.

Kuhusu mipangilio ya sauti nitasema kwa ufupi. Milio miwili au mitatu inatosha kwa anayeanza: chuma, kati, juu. Milio mingi, kila namba na sauti yake, inachosha mwanzoni lakini ndiyo inayokuonyesha umbo, maana unasikia mlio unavyotikisika ndani yake. Kuna modi ambazo sauti inapanda kwa nguvu ya jibu, sio kwa kuchelewa, hapo kitu kilicho juu kinalia nyembamba na cha chini kinalia nene bila kujali metali, na mtu asiyejua yuko modi gani atapotea kabisa. Angalia kitabu cha mashine yako. Jambo lingine ambalo watu hawalisemi, masikio yetu yanapoteza sauti nyembamba kadri umri unavyokwenda, na mashine nyingi zinakuruhusu kushusha milio yote. Kama mlio wa juu unausikia kwa tabu ushushe mpaka mahali sikio lako linasikia vizuri, hupotezi chochote, ilimradi ile tofauti kati ya chini na juu ibaki.

Tena usimwige mtu namba zake. Mashine ikifanya kazi kwenye masafa ya juu, sema kilohezi 15 kwenda mbele, vitu vyote vinavyopitisha umeme vizuri vinabanana kule juu, shaba na fedha zinakuwa karibu kufanana. Masafa ya chini, kilohezi 5 hivi, yanazitenganisha vizuri zaidi ila yanapoteza vitu vidogo vya dhahabu. Mashine za masafa mengi kwa mpigo zinajaribu kupata yote mawili na zina skeli zao. Kwahiyo 80 ya mwenzako inaweza isiwe 80 yako.

Njia ya kujifunza lugha ya mashine yako ni kuchukua sarafu unazozijua, moja moja, pamoja na msumari, kizibo, kipete cha kopo na foili, ukazipitisha chini ya koili ukiwa umefumba macho na mtu mwingine ndo anayechagua. Taja kitu kabla hujafungua macho. Fanya hivyo jioni kadhaa. Alafu weka sarafu na msumari pamoja, sogeza msumari kidole kwa kidole, sikiliza mlio unavyoanza kukatika. Dakika 20 za hivyo zinafundisha kuliko wiki ya kuchimba ovyo. Na shambani uwe na ruhusa ya mwenye ardhi, na kwenye maeneo yaliyowahi kuwa na vita mlio mkubwa mzito wa kitu kirefu usiuchimbe, ondoka utoe taarifa, inaweza kuwa bomu.

Naacha na mlio mmoja. Aprili 2010, karibu na Frome, Uingereza, mtafutaji anaitwa Dave Crisp alipata mlio ambao mwenyewe aliuelezea kuwa wa ajabu tu. Haukuwa ule wa kwenye mafunzo. Akachimba sentimita 30 na kitu, akatoa udongo wa mfinyanzi na ndani yake kasarafu kadogo ka Kirumi, akaendelea kidogo akaona ukingo wa chungu, akasimama hapo hapo akawaita wataalamu wa mambo ya kale badala ya kung'oa. Walizitoa tabaka kwa tabaka. Chungu kile kilikuwa na sarafu 52,503, kilo 160 hivi, nyingi ni za shaba yenye fedha kidogo ndani yake, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, zimelundikana humo tangu karne ya 3.